Jinsi ya kupanga safari ya Unguja ukakutane na sherehe zenyewe: Mwaka Kogwa, Maulidi, Idd na Busara

Watu wengi wanaokwenda Zanzibar kwa ajili ya sherehe wanakata tiketi kwanza alafu ndio wanaanza kuuliza sherehe ni lini. Nilifanya hivyo hivyo mwaka wa kwanza, nikafika mjini nikiwa na uhakika kesho yake nakula Idd, mwezi haukuonekana, Ramadhani ikakamilishwa siku 30, na tiketi yangu ya kurudi ilikuwa asubuhi ya sikukuu yenyewe. Nikawa natembea kwenda bandarini na begi mgongoni huku watoto wamevaa nguo mpya wanapeana mikono kila kona, na mie naondoka. Iliniuma sana. Toka hapo nimerudi mara kadhaa na haya ninayoandika ndiyo ningependa mtu angeniambia siku ile.

Hatua ya kwanza: jua sherehe yako inafuata kalenda gani

Hapa ndio pa kukaa muda mrefu, mengine yote yanafuata. Unguja ina sherehe zinazokwenda kwa kalenda tatu tofauti na kila moja ina tabia yake.

Kalenda ya kwanza ni ya mwezi. Hii ndio inabeba Ramadhani, Idd mbili na Maulidi. Wazee wa visiwani wanaihesabu kwa mifunguo, yaani mwezi unaofuata baada ya Ramadhani ni Mfunguo Mosi kwa sababu watu wamefungua, alafu Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani tena. Ukijua hivyo umerahisishiwa kabisa: Idd ndogo ni Mfunguo Mosi tarehe 1, Idd kubwa ya kuchinja ni Mfunguo Tatu tarehe 10, Maulidi ni Mfunguo Sita tarehe 12. Mwaka huu wa mwezi ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo kila mwaka sherehe zinarudi nyuma. Idd el Fitr ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 ikawa Machi 31. Usichukue tarehe ya mwaka jana ukadhani itakuwa hiyo hiyo, na hata ukiipata ya mwaka huu iachie siku moja mbele na moja nyuma, maana mwisho wa yote mpaka mwezi uonekane.

Kalenda ya pili ni ya jua lakini sio hii ya ukutani. Ni ya Nairuzi, mwaka wa Kishirazi, asili yake Uajemi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili na hauongezi siku kila baada ya miaka minne, ndio maana kwa karne nyingi umekuwa ukisogea polepole na leo mwaka mpya unaangukia Julai wakati kule Uajemi ni Machi. Wakulima na wavuvi wa zamani walikuwa wanazihesabu siku zake kumi kumi, wanaziita miongo, wanajua mwongo gani wa kupanda na upi wa kutoka na chombo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ndio siku ya mwaka mpya wa kalenda hii. Kwa kupanga safari hesabu mwezi wa Julai, alafu ulizia tarehe kamili mapema.

Kalenda ya tatu ni ya waandaaji. Tamasha la muziki la Sauti za Busara ni Februari, tamasha la filamu la ZIFF ni katikati ya mwaka, na hizi zinatangazwa miezi mingi kabla. Hizi ndio rahisi kuliko zote. Ila zina hatari yake pia, kwa mfano Busara ya 2016 haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, kwa hiyo subiri tarehe itangazwe na waandaaji wenyewe ndio ulipe.

Sasa ziweke kalenda zote tatu pamoja kabla hujatoa hela. Mfano mzuri ni 2027, Ramadhani inategemewa kuanza karibu na Februari 8, yaani inaingia kwenye mwezi ule ule ambao watu wamezoea kwenda kucheza muziki wa Busara Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya mjini. Mtu anayeangalia kalenda moja tu hawezi kuliona hilo, anapanga likizo ya muziki kwa mazoea anafika mjini kumetulia watu wamefunga.

Hatua ya pili: safari na pa kulala

Kutoka Dar boti ziendazo kasi zinatumia kama saa mbili, na kwa siku zinakwenda mara kadhaa. Mtanzania usisahau kitambulisho, bila hicho hupati nauli ya raia na unaweza kupata usumbufu bandarini. Wanaotoka nje ya Tanzania wajue kuwa tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inakatwa kwa shirika la bima la Zanzibar hata kama una bima yako nyingine, ikate mtandaoni kabla hujafika na uangalie kiwango cha nchi yako kwenye ukurasa wao.

Siku mbili tatu kabla ya Idd boti zinajaa vibaya sana, kila Mzanzibari anayefanya kazi bara anarudi kwao na mizigo yake. Buki wiki mbili kabla. Na kurudi usirudi siku ya Idd pili, kaa. Julai ni kipindi cha kusi, upepo wa kusini, hali ya hewa ni baridi kidogo na nzuri ila bahari inachafuka, kama tumbo lako jepesi kula kitu kikavu na ukae chini katikati ya boti usikae mbele. Februari ni kaskazi, joto kali, maji mengi ya kunywa.

Kulala, usilazimishe Mji Mkongwe. Wakati wa Busara vyumba vya kule vinapanda bei na vinaisha mapema. Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji, Michenzani, Kikwajuni na kuendelea, kuna gesti za kawaida safi na unatembea kwa miguu mpaka Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe inayouzwa vyakula jioni. Na kwa ajili ya Mwaka Kogwa, kama unaweza, lala kusini, Makunduchi yenyewe au Jambiani au Kizimkazi, ili asubuhi uwe pale. Ukitokea mjini panda daladala ya Makunduchi, namba 310, toka mapema maana siku ile zinajaa na jioni kurudi ni shida, wengi wanaishia kuchanga watu watano sita wanakodi gari.

Hatua ya tatu: nguo

Fupi tu. Mabega na magoti yafunikwe, mwanaume na mwanamke, popote nje ya ufukwe wa hoteli. Dada beba mtandio na kanga moja ya ziada, utaitumia kila siku. Kaka kama una kanzu na kofia ya kiua ibebe kwa ajili ya maulidi na Idd, hakuna atakayekuuliza dini yako, wataona umewaheshimu. Kwenye Mwaka Kogwa vaa kitu ambacho hakikuumi kichwa kikichafuka vumbi.

Hatua ya nne: siku yenyewe

*Mwaka Kogwa.* Kama una nafasi ya kwenda sherehe moja tu maishani nakuomba iwe hii. Kogwa inatokana na kukoga, watu wanakwenda baharini alfajiri kuoga kuuosha mwaka wa zamani. Ukichelewa kuamka hiyo utaikosa, na wengi wa wageni wanaikosa kwa sababu wanatokea mjini saa tatu.

Baadae asubuhi watu wanakusanyika uwanjani na hapo ndio wanaume wa pande mbili za mji, kusini na kaskazini, wanapigana kwa mabua ya migomba. Wanapigana kweli. Maana yake ni kwamba kama una kinyongo na jirani au ndugu yako wa mwaka mzima unakitoa pale, hadharani, kwa bua ambalo linauma lakini haliui, na likiisha limeisha, huruhusiwi kuingia nalo mwaka mpya. Mie nimesimama pale nikaona watu wazima wawili wametwangana mpaka wanahema alafu wamekumbatiana, na nikafikiria mambo mangapi kwetu tunayabeba miaka kumi bila kuyasema. Wewe mgeni kaa pembeni kabisa, uwanja unahama, watu wanakimbia kundi zima linakuja upande wako, na watoto wadogo washike mkono.

Wakati huo wanawake wamevaa vizuri kupita kiasi, wanapita kwa misururu wanaimba. Sikiliza maneno, hapo ndio faida ya kujua Kiswahili, mtalii wa Ulaya anasikia sauti tu ila wewe unasikia mafumbo, mapenzi, maisha, na vijembe kwa wanaume. Mengine yapo kwa Kikae, lahaja ya Makunduchi, hutaelewa yote, muulize bibi aliye karibu yako kwa adabu atakufafanulia akiwa anacheka.

Kisha kuna kibanda cha makuti. Mtu anaingia ndani, kinachomwa moto, anatoka mbio na wenzake wanauzima. Wenyeji wanaangalia moshi umeelekea wapi, na wenyewe wanaeleza kuwa ni fundisho la watu kukimbilia nyumba ya mwenzao ikiungua. Nyumba za makuti zikiwa zimebanana, jambo hilo halikuwa mchezo.

Baada ya hapo ndio karamu, na hili ndilo la kushika: kwa imani ya Makunduchi nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka haijakaa vizuri. Kwa hiyo ukiitwa "karibu", sio heshima ya mdomoni, wanakutaka kweli. Ingia. Piga hodi, vua viatu, shikamoo kwa wazee wote mmoja mmoja, kaa ulipoonyeshwa, nawa, kula kwa mkono wa kulia. Usiseme nimeshiba kabla hujaonja. Chukua zawadi ndogo toka mjini, kilo mbili za sukari au majani ya chai au tambi, mpe mama wa nyumba bila kutangaza. Pesa usitoe mezani, inawavunjia heshima.

Sherehe inaendelea kwa siku nne, usiku ngoma, pwani watu wanajaa, vijana ndio siku zao hizo. Siku ya kwanza ndio yenye mambo yote niliyoeleza kwa hiyo kama una siku moja tu iwe hiyo.

*Maulidi.* Mfunguo Sita wote unasikia maulidi, mitaani, misikitini, majumbani, na yale makubwa ya kitaifa husomwa mjini viwanja vya Maisara usiku. Watu wengi wanadhani ni lazima uwe umealikwa na kadi, hapana, ya uwanjani ni ya watu wote. Wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali, kwa hiyo kama mmekwenda mke na mume kubalianeni kabisa mtakutana wapi baadae maana umati ni mkubwa na simu hazisikiki. Kuna mahali kwenye kisomo, panapoelezwa kuzaliwa kwa Mtume, watu wote wanasimama kwa pamoja, na wewe simama. Utarushiwa marashi ya waridi kwa mrashi, chetezo cha udi kitapitishwa, ni furaha, usikwepe.

Ukibahatika kuyakuta Maulidi ya Homu usiyaache. Wanaume wamepiga magoti safu moja ndefu wamevaa kanzu nyeupe, dufu linapigwa, na miili inayumba pamoja taratibu kama wimbi, mikono, shingo, vichwa, alafu mwendo unapanda. Sijawahi kuona kitu kama hicho sehemu nyingine. Simu iweke mfukoni angalau dakika kumi za kwanza, na ukitaka kurekodi muombe mmoja wa wenyeji, sio kusogea na taa usoni mwa mtu anayemsalia Mtume.

*Idd.* Asubuhi ni swala, misikitini na viwanjani, alafu watu wanatembeleana. Visiwani Idd ni siku nne sio moja. Kama una rafiki au hata mtu mliyekaa naye kwenye boti akakwambia njoo nyumbani, nenda. Watoto watakuja kwako wakuombe mkono wa Idd, hiyo ni pesa yao ya sikukuu, kwa hiyo kabla ya siku yenyewe tafuta pesa ndogo ndogo, sarafu za 500 na noti za 1,000, usije ukawa na noti ya 10,000 peke yake mbele ya watoto saba. Jioni nenda viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja au Kariakoo (ya Unguja hii, sio ya Dar), bembea, baluni, ubuyu, urojo, watoto wamepakwa wanja na hina, baba zao wamewabeba mabegani. Pemba pia wana viwanja vya Tibirinzi pale Chake Chake na kwa maoni yangu Idd ya Pemba ina utulivu fulani mzuri zaidi, ukiwa na siku za ziada vuka.

*Busara na ZIFF.* Hizi hazihitaji maelezo mengi. Sauti za Busara ilianza 2004, iko ndani ya Ngome Kongwe, ngome ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, na sifa yake ni kwamba muziki ni laivu, hakuna msanii kusimama na kuigiza juu ya sidii. Marehemu Bi Kidude alikuwa anapanda jukwaa lile akiwa bibi kabisa na watu wanasimama wote. Raia wa Tanzania analipa bei ndogo sana kuliko mgeni, beba kitambulisho. Nenda mapema jioni, wasanii wa mwanzo ambao huwajui ndio mara nyingi wanakushangaza, ukisubiri majina makubwa ya saa tano usiku umepoteza nusu ya hela yako. ZIFF nayo filamu nyingi huonyeshwa hapo hapo Ngome Kongwe nje chini ya nyota, chukua kikoi au sweta maana upepo wa kusi usiku una baridi.

Hatua ya tano: kula kwa majira

Forodhani jioni ni pazuri na nenda, ila wageni wengi wanakula Forodhani siku tano mfululizo wanarudi wanasema wamekula chakula cha Zanzibar. Chakula kikubwa cha visiwani kinafuata sherehe, na kingi hakiuzwi, kinapikwa nyumbani.

Ramadhani ndio mwezi wa chakula kuliko yote, inashangaza lakini ndio hivyo. Alasiri tembea sokoni Darajani uone, kaimati, vitumbua, sambusa, katlesi, mikate ya kumimina, tende, watu wananunua haraka haraka kuwahi magharibi. Nyumbani futari ni muhogo, ndizi mbichi, magimbi au viazi vitamu vya tui zito la nazi, pamoja na uji. Sikukuu ikifika ni pilau na biriani, na asubuhi tambi za sukari. Boko boko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikavutika, juu samli na vitunguu vya kukaanga, ukiletewa hiyo ujue mwenye nyumba ameamka usiku. Kwenye maulidi ni halua na kahawa chungu, halua ya Pemba ndio inasifiwa na mie nakubaliana na wanaoisifu.

Siku za kawaida: urojo mchana, mwambie muuzaji akuwekee kachori, bajia, chatini na pilipili kidogo kwanza. Mantabali, ambayo kwa watalii imeandikwa pizza ya Zanzibar, ile pale pale ikipikwa mbele yako ukiangalia. Supu ya pweza. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Forodhani uliza bei kabla mtu hajaweka kitu kwenye sahani, samaki na kamba angalia wana harufu ya bahari sio ya jana, na waliokaa toka mchana kwenye meza usiwachukue. Kahawa nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, kaa kwenye baraza, salimia, utajua sherehe gani iko wapi kesho kuliko kuuliza hotelini.

Hatua ya sita: ukiangukia Ramadhani

Zanzibar kula na kunywa hadharani mchana wa Ramadhani halichukuliwi kama jambo dogo, watu wamekamatwa na polisi kwa hilo. Hoteli nyingi za watalii zinahudumia ndani, kula chumbani au humo. Maji usinywe barabarani, sigara usivute. Muziki wa baa na disko unazimwa au unapungua sana. Kama safari yako ni ya starehe basi badilisha tarehe, lakini kama unataka kuona watu wanavyoishi, usiku wa Ramadhani Mji Mkongwe unakesha, watoto wanacheza mpaka saa sita, mabarazani watu wanaongea.

Na mwezi ukikaribia kuisha, jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, nenda Forodhani ukae na watu wanaotazama magharibi juu ya bahari kuutafuta mwezi. Tiketi yako ya kurudi iwe ya wiki ijayo.